Usiing'oe themostati: Namna ya kutafuta chanzo cha joto katika Subaru Impreza WRX

MADEREVA wengi wa magari ya kasi humu nchini wamewahi kuambiwa na fundi kwamba dawa ya injini inayochemka ni kuing'oa themostati na kuitupa. Ushauri huo umeenea katika gereji za mijini na mashambani kwa miaka mingi. Mara nyingi huonekana kufaulu kwa siku kadhaa, kabla ya gari kurudi likiwa na tatizo lile lile au jingine kubwa zaidi. Kwa mwenye Subaru Impreza WRX, kosa hilo laweza kugharimu injini nzima.

Gari hili si geni kwa Wakenya. Colin McRae alishinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1997 akiwa katika Impreza. Mwaka wa 2000 Richard Burns akashinda kwa gari la jina hilo hilo, huku mwenzake wa timu, Juha Kankkunen, akimaliza wa pili. Sifa hizo ndizo zilizowafanya vijana wengi kuzitamani WRX zilizotumika Japani na kuletwa nchini kupitia bandari ya Mombasa. Hata hivyo, gari la mashindano huhudumiwa na kundi la mafundi kila linaposimama, ilhali gari la barabarani huachwa hadi mshale wa joto ugonge alama nyekundu.

Maelezo yanayofuata yanahusu injini ya EJ20 yenye turbo, iliyotumika katika Impreza WRX tangu mwaka wa 1992. WRX zilizoanza kuundwa mwaka wa 2014 kwa injini ya FA20 zina vipimo vyake tofauti, ingawa njia ya kutafuta kasoro haitofautiani sana.

Kazi ya lango la nta

Sehemu kubwa ya nishati iliyomo katika petroli haigeuki kuwa mwendo, bali huishia kuwa joto. Baadhi ya joto hilo hutoka na moshi, na jingine huondolewa na maji yanayozunguka kati ya injini na rejeta. Themostati ni lango katika njia ya maji hayo. Ndani yake mna kikopo cha chuma kilichojaa nta. Nta ikipata joto huyeyuka, hutanuka na kusukuma kipini kinachofungua lango. Ikipoa hunywea, na springi hulifunga tena. Hakuna waya wala kompyuta. Ufundi huo wa nta ulianza kutumika katika miaka ya 1930 na ungali katika magari mengi hadi leo.

Katika EJ20, lango huanza kufunguka maji yanapofika kati ya nyuzi 76 na 80 za Selsiasi, na hufunguka kabisa kwenye nyuzi 91 hivi. Kabla ya hapo maji huzunguka ndani ya injini na hita pekee ili injini ipate joto upesi. Baada ya hapo hupitishwa kwenye rejeta. Gari likiwa zima, maji hukaa kati ya nyuzi 85 na 95 katika safari ya kawaida, na feni huanza kuzunguka yanapokaribia nyuzi 95 au kupita hapo kidogo.

Jambo ambalo mafundi wengi hulisahau ni mahali themostati ilipo. Katika magari mengi huwekwa juu, maji yanapotoka kwenye injini. Katika EJ20 imewekwa chini ya pampu ya maji, yaani pale maji yaliyopozwa yanapoingia kutoka rejeta kupitia mpira wa chini. Fundi aliyezoea magari mengine huupapasa mpira wa juu, akauona una moto, akatangaza kwamba themostati ni nzima. Katika Subaru, mpira wa chini ndio wenye habari.

Je, ikiondolewa kabisa? Maji hupita kwenye rejeta tangu injini inapowashwa. Asubuhi ya Julai jijini Nairobi, katika barabara isiyo na msongamano, injini hiyo yaweza kwenda kilomita nyingi bila kufikia joto lake. Sensa huiambia kompyuta kwamba injini bado ni baridi, nayo kompyuta huendelea kuongeza mafuta. Petroli hutumika kwa wingi, plagi huingia masizi, na mvuke unaojikusanya ndani ya oili haupati joto la kuufukuza. Chuma husagika zaidi injini inapofanya kazi ikiwa baridi, na ndivyo ilivyo hata kwa mwenye gari asiyejua kwamba themostati yake ilitupwa na mmiliki wa kwanza. Na iwapo chanzo cha kuchemka kilikuwa rejeta iliyoziba au feni iliyokufa, kasoro hiyo bado ipo pale pale, ikingoja mlima au msongamano.

Milima, shinikizo na kifuniko

Kuna jambo jingine linaloifanya Kenya kuwa mtihani kwa magari ya aina hii, nalo ni mwinuko. Mjini Mombasa, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, ambako mwinuko ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Limuru, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, huchemka kwenye nyuzi 93 au chini kidogo. Linganisha takwimu hizo na joto la kawaida la injini nzima, la kati ya nyuzi 85 na 95. Ina maana kwamba bila shinikizo, maji ya rejeta yangekuwa yakichemka Nairobi katika siku ya kawaida, gari likiwa halina ugonjwa wowote.

Kinachoyazuia kuchemka ni kifuniko. Kifuniko cha mfumo huu hushikilia shinikizo la takriban kilopaskali 108 juu ya shinikizo la hewa. Kwa shinikizo hilo, maji matupu jijini Nairobi hayatachemka hadi yakaribie nyuzi 119, na yakichanganywa na dawa ya kupozea hupanda zaidi ya hapo. Mpira wa kifuniko ukichakaa au springi yake ikilegea, kinga hiyo yote hutoweka. Gari litachemka kwenye joto ambalo jana lilikuwa la kawaida, na mshale wa dashibodi hautakuwa umepanda sana. Hapo ndipo themostati nzima hulaumiwa kwa kosa la kipande cha mpira.

WRX yenye turbo ina vifuniko viwili. Kimoja kiko kwenye tangi dogo la juu, karibu na turbo, na hapo ndipo maji hujazwa. Cha pili kiko kwenye rejeta yenyewe, na huhimili shinikizo kubwa zaidi. Havifanani kazi na havipaswi kubadilishana nafasi. Mara nyingi hubadilishwa na fundi asiyejua, naye mwenye gari hubaki akishangaa kwa nini maji hayarudi kutoka chupa ya akiba. Tangi hilo la juu lina kazi nyingine pia: injini inapozimwa, maji ya moto yaliyomo kwenye turbo hupanda yenyewe kuelekea huko, na hivyo turbo huendelea kupozwa kwa muda hata pampu ikiwa imesimama.

Shinikizo hilo hilo ndilo linalowaunguza watu. Anayefungua kifuniko cha injini iliyochemka huondoa shinikizo kwa mara moja, na maji yenye nyuzi zaidi ya 100 hugeuka mvuke papo hapo na kumrukia usoni. Kitambaa pekee hakitoshi. Injini iachwe ipoe, angalau kwa nusu saa, hadi mpira wa juu uweze kushikwa na kubonyezwa kwa mkono bila kuonekana mgumu. Ndipo kifuniko kizungushwe polepole hadi kituo cha kwanza, hewa itoke, kisha kifunguliwe.

Iwapo mshale utapanda gari likiwa barabarani, dereva azime kiyoyozi, afungue hita hadi mwisho na kupunguza mwendo. Hita ni rejeta ndogo, na ingawa atatokwa jasho, huondoa joto la maana. Mshale ukifika kwenye alama nyekundu, au kipimo kikisoma nyuzi 110, atafute mahali salama, asimame na kuzima injini. Asiimwagie maji baridi. Vichwa vya silinda vya EJ20 ni vya alumini, na alumini ya moto ikipozwa ghafla huweza kupinda au kupasuka.

Uliza kwanza joto linapanda wakati gani

Kabla ya kununua kipuri chochote, swali la kwanza si joto ni la kiasi gani, bali linapanda wakati gani. Jibu la swali hilo huondoa nusu ya washukiwa bila hata kufungua boneti.

Gari likichemka katika msongamano wa magari lakini likapoa mara linaposhika kasi barabarani, mshukiwa mkuu ni feni. Gari linaloenda kasi hupata upepo wa kutosha kupitia mbele. Lililosimama hutegemea feni pekee. WRX ina feni mbili. Njia rahisi ya kuzipima ni kuwasha kiyoyozi injini ikiwa inanguruma pale pale: zote zinapaswa kuzunguka. Isipozunguka hata moja, fyuzi na rilei zikaguliwe kabla ya mota. Ikizunguka kwa kiyoyozi lakini isizunguke kwa joto, tatizo laweza kuwa sensa au nyaya zake. Isitoshe, feni inayozunguka polepole kwa sababu mota imechoka hudanganya jicho, kwani ipo kazini lakini haivuti hewa ya kutosha.

Gari likivumilia msongamano lakini likachemka kwenye mwinuko mrefu, mathalani barabara inayopanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, feni si ya kulaumiwa. Hapo injini inatoa nguvu nyingi kwa muda mrefu na joto ni jingi kuliko uwezo wa rejeta. Rejeta huenda imeziba ndani kwa chumvi za maji ya mfereji au ya kisima, au imeziba nje kwa matope, vumbi na mbegu za nyasi. Themostati inayofunguka nusu tu huleta dalili iyo hiyo. Mpira wa chini uliozeeka nao huweza kunywea na kujifunga pampu inapovuta kwa nguvu. Hilo huonekana msaidizi akikanyaga mafuta huku mwingine akiutazama mpira, mikono na nguo zikiwa mbali na mikanda. Kingao cha plastiki kilicho chini ya injini, ambacho wengi hukitoa na kukisahau gereji, husaidia kuelekeza upepo kwenye rejeta. Kirejeshwe.

Kwa upande mwingine, ule mdomo ulio juu ya boneti ya WRX hauhusiki kabisa na maji. Unapeleka upepo kwenye intakula, kifaa kinachopoza hewa iliyosukumwa na turbo kabla ya kuingia kwenye injini. Kuna wanaoupanua wakitumaini kuponya kuchemka. Fedha hizo zingetosha kusafisha rejeta.

Gari lisilofikia joto lake, yaani mshale unaokaa chini na hita inayopuliza hewa vuguvugu, huwa na themostati iliyokwama wazi au iliyong'olewa. Uhakikisho hupatikana asubuhi injini ikiwa baridi. Gari liwashwe na mpira wa chini uguswe kila baada ya dakika mbili. Ukianza kupata joto tangu mwanzo sambamba na wa juu, lango halifungi. Kompyuta ya magari mengi huweka msimbo P0128 kwa hali hiyo.

Mshale ukipita kiwango chake huku mpira wa chini ukiwa baridi kama jiwe, maji hayapiti kwenye rejeta. Huenda themostati imekwama ikiwa imefungwa, pampu haisukumi, au kuna hewa iliyonaswa ndani. Hita husaidia kutofautisha. Ikipuliza hewa ya moto sana, maji yapo na yanazunguka ndani ya injini, basi themostati ndiyo ya kushukiwa. Ikipuliza hewa baridi ilhali injini inaungua, maji yamepungua, hewa imejaa au pampu imekufa. Pampu ya EJ20 huzungushwa na mkanda wa taimingi. Ikikwama, mkanda waweza kukatika, na katika injini hii vali hugongana na pistoni. Ndiyo maana mafundi makini hubadilisha pampu pamoja na mkanda, kila baada ya kilomita 100,000 au mapema zaidi iwapo historia ya gari haijulikani.

Mshale unaopanda na kushuka ghafla ni dalili ya hewa iliyonaswa, au themostati inayosita kabla ya kufunguka. Dereva asiupuuze kwa kuwa umeshuka wenyewe.

Mshale nao huficha mambo

Geji ya dashibodi haikuundwa iwe kipimajoto. Katika Impreza, kama ilivyo katika magari mengi ya Japani, mshale hukaa palepale, chini kidogo ya katikati, kwa upana mkubwa wa joto ili dereva asibabaike kila linapopanda mlima. Unapoanza kusonga, maji yamekwisha kupita kiwango cha kawaida, na muda uliobaki wa kuokoa injini ni mfupi. Isitoshe, kipimo hutegemea sensa kuzamishwa ndani ya maji. Maji yakivuja yote, sensa huachwa ikining'inia katika hewa, na mshale waweza hata kushuka wakati injini inaungua. Madereva waliofurahia kushuka huko wapo.

Katika baadhi ya miundo ya zamani kuna vipimo viwili tofauti kwenye bomba la maji lililo chini ya manifoldi: kimoja cha dashibodi na kingine cha kompyuta. Kimoja huweza kufa na kingine kikabaki kizima. Ni busara kusoma joto kupitia mashine inayounganishwa na kompyuta ya gari, kisha kulilinganisha na kipimajoto cha miale kilichoelekezwa kwenye bomba la chuma karibu na sensa. Tofauti ya nyuzi chache si kitu. Tofauti ya nyuzi 20 ni kasoro ya sensa au ya waya wa ardhi.

Sensa ya kompyuta hupimwa kwa mita ya umeme. Ikiwa imetolewa na kuwekwa katika maji ya nyuzi 20, ukinzani wake huwa karibu omu 2,500. Kwenye nyuzi 80 hushuka hadi omu 300 hivi. Joto likipanda, ukinzani hupungua. Ikionyesha ukinzani usiobadilika, au usio na mwisho, ibadilishwe. Msimbo P0117 au P0118 huelekeza huko huko.

Maji yanapopungua bila kuonekana yanakoenda

Hili ndilo swali ambalo wenye Subaru huliogopa, na wana sababu. Gasketi za vichwa vya silinda za injini za EJ25 zisizo na turbo zilipata sifa mbaya kwa kuvuja. EJ20 ya turbo ni imara zaidi, lakini haistahimili kuchemshwa mara kwa mara. Kuchemka mara moja tu kwa dakika chache kunaweza kupinda kichwa.

Katika injini hii, oili iliyogeuka rangi ya maziwa si dalili ya kutegemewa. Mara nyingi gasketi huwa imekufa na oili bado ni safi. Dalili ya kutafuta ni mapovu yasiyokoma katika chupa ya akiba injini ikiwa imepata joto. Nyingine ni mipira inayokuwa migumu muda mfupi baada ya kuwasha gari baridi, na chupa ya akiba inayofurika huku tangi la juu likipungua. Kuna dawa ya majimaji ya buluu inayowekwa juu ya mdomo wa tangi. Ikipitiwa na gesi ya moshi kutoka kwenye silinda hugeuka manjano au kijani. Kipimo hicho ni cha bei ndogo kikilinganishwa na kuteremsha injini, na mwenye gari ana haki ya kukidai kabla ya kukubali kazi hiyo.

Gasketi ikithibitishwa kufa, vichwa vipelekwe kwa fundi wa mashine vipimwe unyofu. Upindaji unaoruhusiwa ni wa sehemu chache tu za mia za milimita, na jicho haliwezi kuuona. Gasketi mpya ikifungwa juu ya kichwa kilichopinda itarudi gereji baada ya miezi michache.

Themostati katika sufuria

Themostati inayoshukiwa yaweza kupimwa nyumbani. Ining'inizwe kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini wala pembeni, na kipimajoto kiwe kando yake. Maji yapashwe moto polepole huku yakikorogwa. Lango lianze kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80, na liwe wazi kwa milimita 9 hivi yanapofika nyuzi 91. Likipoa, lifunge kabisa bila kuacha mwanya.

Hapa pia mwinuko una neno. Jijini Nairobi sufuria itachemka kwenye nyuzi 94, na kwa themostati ya EJ20 hiyo inatosha, ingawa kwa nafasi ndogo. Kuna magari mengine ambayo lango lake huhitaji nyuzi 95 au zaidi ili lifunguke kabisa. Themostati ya aina hiyo haiwezi kufunguka yote katika sufuria iliyo wazi hapa Nairobi, hata ikiwa mpya kutoka kiwandani. Bila shaka nyingi zimetupwa kwa hukumu hiyo isiyo ya haki.

Anayenunua mpya, iwe katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga au kwingineko, aangalie joto lililochapwa kwenye chuma na ailinganishe na ya zamani kwa umbo. Themostati halisi ya Subaru ina kikopo kikubwa na uwazi mpana. Baadhi ya zile za bei nafuu zinaenea kwenye nafasi yake lakini uwazi wake ni mdogo, na injini yenye turbo haipati maji ya kutosha mlimani.

Wakati wa kufunga, upande wa springi huingia ndani ya pampu, na kipini kidogo cha kupitisha hewa huelekezwa kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Pete mpya ya mpira itumike. Boliti mbili zinazoshika kifuniko cha themostati ni ndogo na zinaingia kwenye alumini, hivyo zikazwe kwa kiasi. Kwa kuwa kazi hufanywa chini ya gari, jeki pekee haitoshi. Gari liegemezwe kwenye stendi za chuma.

Kutoa hewa

Kazi nyingi nzuri huharibikia hapa. Silinda za Subaru zimelala pande mbili, na hewa hupata pembe nyingi za kujificha. Gari liinuliwe kidogo upande wa mbele, hita ifunguliwe hadi mwisho, na kizibo cha kutolea hewa kilicho juu ya rejeta kilegezwe. Maji yamiminwe polepole kupitia tangi la juu hadi yatoke kwenye kizibo bila mapovu. Mfumo mzima huchukua lita 7 na ushei. Ukipokea lita 5 na kuonekana umejaa, hewa ingali ndani. Baada ya hapo injini iendeshwe kwa mizunguko kati ya 2,000 na 3,000 kwa dakika hadi feni ziwake na kuzima mara mbili, mipira ikibonyezwabonyezwa. Izimwe, ipoe kabisa, kisha iongezwe maji.

Kuhusu maji yenyewe, wengi huuliza haja ya dawa ya kuzuia barafu katika nchi isiyo na barafu. Dawa hiyo huzuia kutu ndani ya alumini, hulinda sili ya pampu na huongeza kiwango cha kuchemka. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa unatosha. Rangi ya kijani au buluu si kitambulisho cha aina, kwani kila mtengenezaji huchagua yake. Kilichoandikwa kwenye mtungi ndicho cha kufuata, na aina mbili zisichanganywe. Dawa nyingi za aina hii zina ladha tamu na ni sumu kali. Zinazomwagwa uani huweza kuua mbwa, na mtoto hahitaji kunywa nyingi ili adhurike. Yale ya zamani yakusanywe katika mtungi wenye kifuniko.

Kwa juma la kwanza, kiwango cha maji kikaguliwe kila asubuhi injini ikiwa baridi, katika tangi la juu na si katika chupa ya akiba pekee. Upungufu mdogo wa siku mbili za mwanzo ni wa hewa iliyokuwa imesalia. Ukiendelea hadi siku ya nne, kuna mahali maji yanapopotelea, na ule mtihani wa majimaji ya buluu ndio unaofuata.